Baa ndogo Bariadi: taa ya mteja, usingizi wa mtoto

Bariadi iko karibu na ikweta, kwa hiyo jua lake halibadili sana ratiba. Mwaka mzima huzama kati ya saa 12 na nusu jioni na saa 1 na dakika chache, na likishazama, giza hukamilika ndani ya dakika 20 hivi. Hakuna zile jioni ndefu wanazosimulia waliosoma Ulaya. Mtu ananunua nyanya sokoni akiiona rangi yake vizuri, anafika nyumbani anatafuta kitasa kwa kupapasa.

Ni katika dakika hizo 20 ambapo baa za mji huu huvaa sura ya usiku. Kando ya barabara itokayo Maswa kwenda Lamadi, taa za disko zinaanza kuzunguka barazani: buluu, kijani, nyekundu, halafu buluu tena. Grosari ya jirani imewasha taa moja ndefu, nyeupe na kali, inayomfanya kila aliyekaa chini yake aonekane kama mtu anayesubiri majibu ya maabara. Wenye baa wengi wadogo wanajua njia hizo mbili tu: disko au zahanati.

Mzazi anaweza kujiuliza habari hii inamhusu nini. Inamhusu kwa sababu, kama ilivyo katika miji mingi ya Kanda ya Ziwa, baa ndogo mara nyingi ni sehemu ya nyumba. Chumba cha mbele ni kaunta na meza tano, cha katikati ni stoo ya kreti, na cha nyuma wamelala watoto. Mama ndiye muuzaji. Mtoto wa darasa la nne anafanyia hesabu zake pembeni ya friji la soda mpaka saa 3 usiku. Na hata nyumba isiyouza bia huenda dirisha lake limetazamana na bango la taa la jirani.

Mji wenyewe umekua haraka. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, Bariadi ikawa makao makuu yake, na wilaya zikawa tano: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Zilikuja ofisi, zikaja nyumba za wageni, wakaja watumishi waliohamishwa bila familia zao na ambao jioni wanatafuta mahali pa kula. Juu ya hao kuna pamba. Simiyu ndio mkoa unaoongoza nchini kwa kuilima, na msimu wa kununua ukifunguliwa, kwa kawaida kuanzia Mei, malori yenye marobota ya kitambaa kizito yanapita barabarani na fedha zinapita mikononi. Miezi hiyo baa hujaa, na ndiyo miezi ambayo mwenye baa huamua kupendezesha chumba chake.

Akienda kwa fundi, fundi humwambia habari za dari la jipsamu lenye mkanda wa taa uliofichwa pembeni, unaobadilishwa rangi kwa rimoti. Inapendeza kwenye simu ya fundi. Ila picha ile ilipigwa kwenye ukumbi wenye dari refu. Chumba cha meta 4 kwa 6, chenye dari la meta 2 na nusu, kikifungwa mkanda wa buluu kuzunguka pande zote kinageuka tangi la samaki.

Kuna mfano bora zaidi, na uko Usukumani tangu zamani. Wazee wa Kisukuma walikuwa na shikome, moto wa jioni uani, ambapo wanaume wa kaya na vijana walikaa kuota, kula na kufundishwa. Ukiuangalia kama fundi wa taa, moto ule una mambo matatu. Mwanga wake uko chini, usawa wa magoti, kwa hiyo unafika usoni na hauingii machoni kutoka juu. Rangi yake ni ya njano inayokaribia wekundu. Na hauendi mbali: aliye nyuma ya duara yuko gizani, aliye ndani ya duara anaonekana vizuri na kila mwenzake. Watu waliokaa namna hiyo husogeleana na kupunguza sauti. Mwenye baa ambaye wateja wake wanapigiana kelele kutoka ukuta hadi ukuta anaweza kujaribu kupunguza muziki, lakini na aangalie pia taa yake iko wapi.

Rangi ya mwanga ina namba, nayo imeandikwa kwenye boksi la balbu, ikifuatiwa na herufi K. Moto wa kuni uko karibu na 1900K. Balbu inayoitwa dukani “ya njano” ni 2700K au 3000K. Ile “nyeupe”, ambayo imetapakaa katika maduka ya vifaa vya umeme kwa sababu watu wengi huamini ndiyo inayomulika zaidi, ni 6500K, inakaribia mwanga wa mchana wenye mawingu. Uwezo wa kumulika haupimwi kwa namba hiyo. Husomwa kwenye lumeni. Balbu ya njano na nyeupe zenye lumeni sawa humulika sawasawa, na tofauti ni kile zinachouambia mwili.

Na hapo ndipo suala la usingizi linapoanza. Balbu nyingi nyeupe za LED kwa ndani ni taa ya buluu iliyopakwa unga wa njano. Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, pamoja na Shuji Nakamura mzaliwa wa Japani, walipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kuivumbua taa hiyo ya buluu, maana bila yake balbu nyeupe zisizokula umeme zisingekuwapo. Ni uvumbuzi wa kushukuriwa. Umefika mpaka vijiji ambavyo jana vilitumia koroboi. Lakini buluu ndiyo rangi ambayo jicho huitumia kumweleza ubongo kwamba bado ni mchana. Ubongo ukielezwa hivyo saa 3 usiku, huchelewesha melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala. Kwa watoto athari ni kubwa kuliko kwa watu wazima, kwa sababu lenzi ya jicho la mtoto bado ni angavu na mboni yake hufunguka zaidi, hivyo mwanga mwingi zaidi hupita. Mtoto anayelala nyuma ya baa yenye mkanda wa buluu, mlango ukiwa pazia tu, analetewa mchana kitandani mwake.

Sasa chumba chenyewe. Tuseme ni kile cha meta 4 kwa 6, meza tano na kaunta. Wengi wangefunga taa ndefu nne za mirija darini, wati 36 kila moja. Zote ni wati 144, na zikiwaka saa 6 kila usiku zinakula karibu uniti 26 kwa mwezi. Badala yake, balbu tano za LED za wati 5, rangi ya 2700K, moja juu ya kila meza, na ya sita kwenye kaunta, zinafanya wati 30. Kwa saa hizohizo ni uniti 5.4. Anayenunua LUKU kwa elfu mbilimbili atalitambua hilo kabla hajatambua uzuri wa chumba.

Siri iko kwenye waya. Balbu isibaki darini. Ishushwe mpaka iwe kama sentimeta 75 juu ya meza. Mwanga hupungua haraka kadiri unavyokwenda mbali: ukipunguza umbali kwa nusu, meza inapata mwanga mara nne. Ndiyo maana balbu ndogo iliyo karibu inaitosha sahani na nyuso mbili, wakati balbu kubwa ya darini inamulika zaidi vichwa na sakafu. Ila isining'inie mahali pa kupita, mhudumu mwenye trei ataigonga kila siku. Na meza zisihamishwehamishwe, jambo ambalo wateja wa mpira siku ya mechi kubwa hawatalikubali; basi, siku hiyo taa zifungwe juu kwa ndoano.

Balbu isionekane uchi. Kibuyu kilichokatwa kitako na kutobolewa matundu ni kivuli kizuri cha taa, na kwa Simiyu, ambako kibuyu ni chombo cha maziwa tangu enzi, kinakaa kama mwenyeji. Kikapu kilichofumwa nacho kinafaa. Vyote hivyo viwe na balbu ya LED pekee, kwa sababu ile ya zamani ya nyuzi hupata joto la kuweza kuviunguza. Pamba iliyochambuliwa isitumike kabisa. Kila mwaka kuna mtu wa mapambo anayeona mawingu ya pamba darini yatapendeza katika mji wa pamba, na kweli yanapendeza, lakini nyuzi zile hushika moto kwa cheche moja.

Kuhusu moto, mfano wa mbali unatosha. Usiku wa Januari 27, 2013, ukumbi wa Kiss mjini Santa Maria, Brazil, uliteketea baada ya fataki ya wanamuziki kugusa sponji ya darini, na watu 242 wakafa, wengi kwa moshi wakiutafuta mlango. Baa ya meza tano haina umati huo, lakini ina nyaya zilizounganishwa kwa selotepu, ina soketi moja iliyobebeshwa friji, spika, runinga na taa, na mara nyingi ina mlango mmoja tu wenye geti la chuma. Kazi ya nyaya ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Juu ya mlango wa kutokea iwepo taa ndogo yenye betri yake, inayobaki inawaka umeme ukikatika. Mshumaa mezani ni wa sinema. Namba ya Zimamoto ni 114.

Tatizo ambalo mpangilio wowote wa taa hukutana nalo ni friji la vioo la kampuni ya vinywaji. Hilo huja na taa yake, nyeupe na kali, na kwenye baa ndogo huwa ndiyo taa kubwa kuliko zote. Unaweza kushusha vibuyu vitano vizuri kisha friji likaviua. Geuza friji litazame kaunta badala ya mlango, au liweke nyuma ya kona ambayo muuzaji analiona na mteja analisikia tu. Baadhi ya mafriji yana swichi ya taa peke yake, ndani juu kwenye fremu. Ikiwepo, taa izimwe na baridi iendelee. Runinga nayo isiwekwe mkabala na mlango wa chumba cha watoto.

Nyama isichomwe gizani

Pale panapochomwa nyama, sheria ya mwanga wa shikome inakoma. Jiko linahitaji taa nyeupe, ya kutosha, inayoonyesha rangi kwa usahihi. Chini ya taa nyekundu nyama mbichi na iliyoiva hufanana, damu haionekani, na samaki aliyeletwa asubuhi kutoka Lamadi hawezi kutofautishwa na wa juzi. Kwa wanaokula kitimoto jambo hili ni zito zaidi. Vifuko vya mnyoo tegu wa nguruwe huonekana kwenye nyama mbichi kama punje nyeupe za mchele, na mtu anayekata nyama chini ya taa ya disko hatazikuta. Anayekula nyama hiyo ikiwa haijaiva hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu huyo, yakisambaa kwa mikono na maji machafu, yanaweza kuingia kwa mtu mwingine, hata mtoto, na kufikia ubongo. Ni moja ya visababishi vikubwa vya kifafa katika maeneo yanayofugwa nguruwe huria.

Kwa hiyo kwenye bucha la baa na juu ya jiko iwekwe balbu ya 4000K au zaidi, na boksi lake lisomwe pia namba ya ubora wa rangi, inayoandikwa Ra: 80 inafaa, 90 ni bora. Mteja naye mezani anahitaji kuiona nyama yake. Ndiyo faida nyingine ya balbu ya njano dhidi ya zile za rangi: njano inapendezesha lakini haifichi.

Taa ya disko inayopepesa ni suala jingine, na baa ndogo ingefanya vizuri kuachana nayo. Miongoni mwa watu wenye kifafa, takriban 3 katika kila 100 hushikwa na degedege wanapomulikwa na mwanga unaopepesa, hasa ukipepesa kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde, na tatizo hilo huonekana zaidi kwa watoto na vijana. Wengine hawajui kuwa wanalo mpaka siku hiyo. Katika ukumbi mkubwa mwanga husambaa. Katika chumba cha meta 4 hakuna pa kugeuzia uso. Anayeitaka rangi achague moja, iliyotulia, na aitupe ukutani nyuma ya kaunta.

Kaunta yenyewe isiwe ya giza, hata kama giza linaonekana la kisasa. Muuzaji anahesabu noti, anasoma ujumbe wa malipo kwa simu, na anapaswa kuiona stempu ya kielektroniki ya TRA kwenye chupa kabla hajaifungua. Tangu viroba vilipopigwa marufuku Machi 2017, pombe kali ni ya chupa, na macho ya muuzaji ni kinga ya mteja. Wapo pia wateja wazee. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea karibu theluthi moja tu ya mwanga unaopokelewa na jicho la kijana wa miaka 20. Babu anayeuliza bei iliyoandikwa ukutani si kwamba hajui kusoma.

Kisha kuna mhudumu. Wengi ni wasichana, na wengi wao ni mama. Kona isiyoonekana kutoka kaunta ndiyo kona ambayo mkono wa mteja hufika pasipotakiwa. Mwanga mdogo hauhitaji kuwa na mashimo: kila meza iwe na taa yake, hata iliyo ya mwisho, na anayetaka meza ya giza kabisa ajiulizwe anaitakia nini. Njia ya kwenda chooni imulikwe mwanzo hadi mwisho, na kizingiti au ngazi ipakwe mstari mweupe, kwa kuwa pombe na ngazi isiyoonekana havipatani. Aliyekaa kwenye mwanga mdogo na kutoka ghafla barabarani penye taa za malori hupofuka kwa sekunde kadhaa. Baraza iwe na taa ya kiasi, katikati ya ndani na nje, apumzishe macho hapo huku akisubiri bodaboda, maana kuendesha mwenyewe hapaswi.

Mvua za kwanza zikinyesha kuna wageni wasiolipa: kumbikumbi. Wanapenda mwanga mweupe kuliko wa njano. Baa yenye balbu za 2700K ndani na taa moja nyeupe kwenye nguzo, mbali na mlango, huwaelekeza huko, na watoto huenda na beseni la maji kuwakusanya kwa ajili ya kukaanga. Mbu hawadanganyiki hivyo. Anofelesi humtafuta mtu kwa pumzi, harufu na joto lake, kwa hiyo taa haichukui nafasi ya nyavu dirishani wala ya chandarua cha chumba cha nyuma.

Chumba cha nyuma

Anayepanga taa za baa ya namna hii angeanza na chumba cha nyuma. Zima kila kitu mbele, washa taa za baa, nenda ulale kitandani pa mtoto kwa dakika tano. Kila unapoona mwanga, chini ya mlango, juu ya ukuta usiofika kwenye paa, kwenye upenyo wa dirisha, ndipo pa kuziba. Kuta nyingi za nyumba za biashara haziendi mpaka juu. Ubao au hata jamvi zito likigongelewa hapo hupunguza mwanga, na kelele kidogo. Dirisha lipate pazia la kitambaa kizito cha rangi ya giza. Bango la nje ligeuzwe litazame barabara, lisitazame ukuta wa jirani, na lizimwe mteja wa mwisho akitoka.

Halafu ipo meza ya madaftari. Mtoto asisome kwa mwanga wa friji wala kwa kibuyu cha wateja, ambacho kimepangwa ili watu wasione mbali. Apate meza yake upande wa ndani, hata kama ni kreti mbili na ubao, na balbu nyeupe ya wati 7 inayomulika daftari kutoka upande wa mkono asiouandikia, ili kivuli cha mkono kisilale juu ya herufi. Nyeupe hapo inafaa kwa sababu ni saa 1 jioni na anatakiwa kuwa macho. Ikifika saa 2 na nusu izimwe, iwashwe ya njano ya kuogea na kuvalia, basi. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na aliye chini ya hapo hana kazi ya kupokea oda wala kuosha glasi usiku, hata mama akizidiwa siku ya mnada.

Baada ya kufunga, taa nyeupe ya darini ina kazi yake. Iachwe moja, yenye swichi yake kaunta, isiyowashwa wateja wakiwepo. Ndiyo ya kufagilia vipande vya chupa, kupigia deki, kuhesabia mauzo na kuangalia kama kuna mtu amesinzia nyuma ya spika. Dakika 15 zinatosha. Mlango wa katikati uwe umefungwa kabla haijawashwa.